Saa Saba Usiku Yuko Kwenye Simu: Kumbe Anatafuta Gemu!

Gemu ulilocheza utotoni limekuganda kichwani, lakini jina hulijui? Hauko peke yako. Na kama mwenye tatizo hilo ni mwenzi wako, huenda wewe ndiye wa kumsaidia kulipata.

Hebu tuseme ukweli, msomaji. Ukiamka saa saba usiku ukamkuta mwenzi wako amejifunika shuka gubigubi, mwanga wa simu unammulika usoni, halafu akishtuka anaigeuza simu chini, utawaza nini? Wengi wetu jibu tunalo mdomoni: nyumba ndogo. Na ukiwasimulia shoga zako saluni kesho yake, watakwambia hivyohivyo, na mmoja atakupa na mbinu za kumnasa.

Lakini lipo jambo jingine linalowakesha watu wazima, hasa wale waliokuwa watoto miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na halihusiani kabisa na mapenzi. Wanatafuta gemu. Tena si gemu jipya la kununua dukani. Wanatafuta lile walilocheza zamani kwenye TV ya chogo, wakigombea pedi na watoto wa jirani, na sasa wamebakiwa na vipandevipande tu. Mmoja anakumbuka kofia nyekundu. Mwingine anakumbuka mlio wa risasi. Jina hakuna. Kampuni iliyolitengeneza hajui. Ukimwuliza anakwambia, "Yaani naliona kabisa, ila sijui nikuelezeje."

Kinachomfanya ageuze simu ni aibu. Mtu ana miaka 35, ana kazi, ana mkopo wa benki na ada ya watoto. Atamwambiaje mkewe kwamba anakosa usingizi kwa sababu ya katuni?

Nayasema haya kwa sababu ninaye mmoja ndani ya nyumba.

MTU, SIMBA NA MOTO

Mume wangu ni Mnyaturu wa Issuna. Kama umewahi kupanda basi la kutoka Dodoma kwenda Mwanza kupitia Singida, umepita hapo, labda ukiwa umesinzia. Issuna iko wilaya ya Ikungi, kwenye barabara kuu kati ya Manyoni na Singida mjini. Ni nchi ya alizeti, mtama, kuku wa kienyeji na upepo usiochoka. Siku hizi ni lami tupu. Mwaka 1998, mume wangu akiwa na miaka kumi, ilikuwa vumbi.

Mwenye duka mmoja alikuwa na jenereta, TV na mashine ya gemu za kaseti. Shilingi hamsini unacheza, ukifa unampisha wa nyuma yako. Mume wangu na kaka yake, aliyemzidi miaka minne, walikuwa wakiuza mayai kwa abiria, na faida yote iliishia kwenye kile kibanda.

Nilimwuliza usiku uleule, bila kuzunguka: "Baba, kitu gani hicho kinakunyima usingizi?" Alicheka kwanza. Halafu akanieleza hivi: "Kuna mtu anageuka simba. Wanakijiji wanamkimbiza, wamechoma matairi, yeye anaruka katikati ya moto. Ukimgusisha moto tu, umekufa."

Alikuwa ameshatafuta kwa wiki tatu. Aliandika "gemu la mtu simba". Aliandika "gemu la matairi ya moto". Zilikuja gemu chungu nzima za simba, za magari na za zimamoto, lakini lake halikuwamo. Wenzake wa ofisini walimcheka hadi wakatoa machozi, wakamwambia gemu hilo aliliota.

Nikamwuliza kwa nini analitaka sasa, baada ya miaka yote hiyo. Hapo hakucheka. "Nataka kumtumia kaka," alisema.

Yeye na kaka yake walikuwa hawajaongea miaka mitatu, tangu ulipozuka ugomvi wa shamba la alizeti aliloliacha baba yao. Wazee wa ukoo walikaa vikao, ikashindikana. Kila simu iliyopigwa ilianza na salamu na kuishia kwenye mpaka wa shamba. Mume wangu alitaka neno la kuanzia ambalo halina shamba ndani yake. Alikuwa nalo moja tu, na hakujua linaitwaje.

MBONA LINAGANDA HIVYO?

Kwanza tuwaondolee aibu wanaotafuta. Wataalamu wa saikolojia wamegundua kwamba watu wazima wakiulizwa habari za maisha yao, hukumbuka kwa wingi mambo ya kuanzia kama miaka kumi hadi thelathini ya umri wao. Huo ndio wakati wa mambo ya mara ya kwanza: rafiki wa kweli wa kwanza, safari ya kwanza ya peke yako, pesa ya kwanza uliyoitafuta mwenyewe. Gemu ulilolipia kwa mayai uliyouza lazima likae.

Pili, ile hali ya kuhisi jina liko kwenye ncha ya ulimi nayo imechunguzwa. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roger Brown na David McNeill, waliwasomea wanafunzi maana za maneno magumu na kuwauliza neno lenyewe ni lipi. Waliokwama huku wakihisi kwamba neno wanalijua, mara nyingi waliweza kutaja herufi yake ya kwanza au idadi ya silabi zake. Maana yake ni kwamba mtu anaposema "ninalo, ila halitoki", hakudanganyi. Kipande kweli anacho.

Tatizo letu sisi ni kwamba gemu nyingi tulizocheza, jina hatukuwahi kuwa nalo tangu mwanzo.

GEMU ZISIZO NA MAJINA

Tanzania Bara ilichelewa kuingia kwenye mambo ya kioo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo watoto wa Japani walipokuwa wakicheza mashine ya Nintendo iitwayo Famicom, iliyotoka mwaka 1983, vijiji vyetu vingi havikuwa hata na TV ya kuichomeka.

Mashine ilipotufikia, mara nyingi haikuwa ile ya Nintendo yenyewe. Zilikuwa nakala zilizotengenezwa viwandani Asia bila ruhusa. Ziliuzwa kwa majina ya kila aina, na nyingine kwa umbo la kuiga mashine nyingine kabisa. Kaseti moja iliandikwa kwamba ina gemu 9999999. Ukizihesabu vizuri unakuta ni chache tu zinazojirudia: gemu lilelile, ila moja linaanzia hatua ya kwanza, jingine hatua ya tatu, jingine unapewa roho nyingi zaidi. Waliozinakili walifuta majina ya kampuni kwenye ukurasa wa mbele na kwenye orodha wakaandika jina walilotaka wao, wakati mwingine likiwa limekosewa herufi.

Basi tukajipa majina wenyewe. "Gemu la vifaru" ambalo watoto wengi walilicheza wawili wawili wakilinda ndege yao wa matofali lilikuwa Battle City, la kampuni ya Namco, mwaka 1985. "Gemu la bata", lile la bunduki ya plastiki na mbwa anayekucheka ukikosa shabaha, ni Duck Hunt la Nintendo, mwaka 1984. Wale jamaa wawili wanaokwenda kifua wazi na bunduki ni Contra, la Konami, lililoanza mwaka 1987. Haya yana bahati, kwa sababu dunia nzima inayakumbuka. Je, yako lile lisilozungumzwa na mtu?

Hapo kuna mtego mwingine wa kuuangalia: mwaka ulioucheza wewe si mwaka wa gemu. Ukitafuta "gemu za 1998" kwa sababu ulilicheza 1998, utapelekwa kwenye PlayStation na Tekken 3, wakati kaseti iliyokuwa Issuna ilibeba gemu la miaka kumi na zaidi kabla ya hapo.

KICHWA HAKIPIGI PICHA

Sasa turudi kwa yule mtu anayegeuka simba, maana hapa ndipo mambo yalipofunguka.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitoa kitabu kuhusu kukumbuka. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini waisome, kisha akawaomba waisimulie tena baada ya muda. Kila waliporudia, hadithi ilizidi kuwa ya Kiingereza. Mitumbwi ikageuka kuwa boti. Waliokwenda kuwinda sili wakageuka wavuvi. Mambo ya mizimu wasiyoyaelewa yakaachwa au yakapewa maelezo. Hawakuwa wanadanganya. Kichwa cha mtu hakitunzi picha kama kamera. Kinatunza vipande, na pale penye pengo kinajaziza kwa vitu kinavyovijua.

Je, mtoto wa Issuna wa mwaka 1998 alikuwa anajua nini? Sarakasi ya wanyama, ile ya hema kubwa, hajawahi kuiona. Simba alimjua kwa hadithi. Na Singida ina hadithi yake ya simba. Miaka ya 1940 mkoa huo ulitikiswa na mauaji yaliyohusishwa na "simba-watu", watu waliodaiwa kugeuka simba au kutumwa wakiwa wamevaa ngozi za simba. Kesi zilifika hadi mahakamani, na mwaka 1962 mtaalamu wa mila Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu, aliandika makala ya kuichambua upya habari hiyo. Mabibi na mababu waliokuwa watoto wakati ule ndio waliowasimulia wajukuu wao jioni.

Kwa hiyo mtoto anapoona kwenye TV mtu na simba wameshikana, na moto mbele yao, kichwa chake kinampa maelezo papo hapo: ni simba-mtu, na wanakijiji wanamchoma. Miaka ishirini na kitu baadaye, maelezo yale ndiyo yaliyobaki. Picha yenyewe imejificha chini yake.

Ndiyo maana wiki tatu za kutafuta hazikuzaa kitu. Alikuwa anatafuta alichokielewa, badala ya alichokiona.

MASWALI MATANO YA KUMSAIDIA MWENZI WAKO

Kabla ya kuuliza, zingatia jambo moja: usimwekee jibu mdomoni. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yanayogongana. Waliotajiwa neno la kishindo, kwamba magari "yalipondana", walikadiria mwendo mkubwa zaidi kuliko walioambiwa "yaligongana". Wiki moja baadaye, wengi zaidi katika kundi la kwanza walisema waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo. Neno moja la mwulizaji lilitosha. Kwa hiyo usimwulize "Simba alikuwa na manyoya shingoni?" Mwulize "Ulikuwa unaona nini?", halafu nyamaza. Mpe muda.

1. Ulichezea kwenye nini? Hili linapunguza kazi nusu nzima. Kaseti au CD? TV au simu? Kaseti za mashine za aina ya Famicom zinakurudisha miaka ya 1980. CD za PlayStation ya kwanza zinaanzia 1994, na za PlayStation 2 zinaanzia 2000. Kama ilikuwa simu, mambo ni rahisi zaidi, kwani gemu zilikuja ndani ya simu yenyewe. Ule mchezo wa nyoka ulianza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, ukiwa umeandikwa na Mfini aitwaye Taneli Armanto. Na wale wanaosema "simu ya baba ilikuwa na bao", hawajachanganyikiwa. Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na gemu liitwalo Bantumi, la jamii ya bao, ila lina safu mbili tu za mashimo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane na kete 64.

2. Ulikuwa unamwona mchezaji kutoka upande gani? Kwa ubavu, kutoka juu kama ramani, au kutoka mgongoni? Kioo kilikuwa kinasogea au kimetulia? Mume wangu alifumba macho akasema, "Kwa ubavu. Anakwenda kulia." Ni jambo dogo, lakini gemu zote za kutazama kutoka juu zikaondoka kwenye orodha.

3. Vidole vyako vilifanya nini? Vidole vinakumbuka vitu ambavyo mdomo hauwezi kuvisema. Mpe remoti ashike kama pedi. Wangu alishika, kidole gumba cha kulia kikabonya mara moja, kikasubiri, kikabonya tena. "Hakuna kupiga risasi," alisema kwa mshangao. "Ni kuruka tu." Basi hapo hapakuwa na vita wala kukimbizwa. Kulikuwa na kuruka kwa mpangilio.

4. Ulikuwa unakufaje? Mtoto husahau ushindi, lakini kifo kilichomgharimu shilingi hamsini hakisahau. "Chini kuna vyungu vya moto. Juu yanakuja yale matairi." Yanakuja au yamesimama? "Yanakuja, kutoka kulia. Mengine madogo." Na wanakijiji wako wapi? Alikaa kimya muda mrefu. "Wako nyuma. Wamekaa."

Wamekaa! Watu wanaomkimbiza mtu kwa moto hawakai. Niliuma ulimi nisiseme kitu, nikaenda swali la tano.

5. Wimbo ulikuwaje? Mwambie aimbe, hata kama sauti yake ni ya chura. Muziki wa gemu za zamani ulikuwa mfupi na ulirudiwarudiwa, kwa hiyo ulikaa kichwani kuliko hata picha. Mume wangu aliimba kwa puani, akigonga mguu wa kitanda. Mimi nilikulia jirani na shule iliyokuwa na brasbendi, na niliutambua mwendo ule mara moja. Ni maringo ya gwaride.

Tukaweka vipande mezani: mtu na simba, duara za moto zinazoning'inia, watazamaji waliokaa, muziki wa bendi. Nikamwuliza swali moja la mwisho: "Huyo mtu amegeuka simba, au amempanda?"

Aliniangalia kama aliyemwagiwa maji ya baridi. "Amempanda," alisema.

KUMBE NI SARAKASI

Tulilipata kabla adhana ya alfajiri haijasikika. Linaitwa Circus Charlie. Konami walilitoa mwaka 1984 kwa mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu, na mwaka 1986 likawekwa kwenye kaseti za Famicom huko Japani na kampuni ya Soft Pro. Charlie ni mchekeshaji wa sarakasi. Hatua ya kwanza amempanda simba, anaruka vyungu vya moto na kupita katikati ya duara za moto zinazomjia, huku vibao vya mita vikimhesabia mwendo hadi jukwaani. Wimbo unaopigwa hapo ni "American Patrol", wimbo wa gwaride uliotungwa na Mmarekani F. W. Meacham mwaka 1885. Huku kwetu uliingia kwa mlango wa kaseti, miaka zaidi ya mia moja baadaye.

Ile kaseti ya Famicom haikuuzwa rasmi kwa ajili ya mashine za Nintendo za Marekani na Ulaya. Mtoto wa New York aliyefuata sheria hakuwa nayo. Wa Issuna alikuwa nayo, kwa sababu wanakili walilitia kwenye kaseti zao za gemu nyingi na kuzisambaza dunia nzima, jina likiwa limepotelea njiani. Ndiyo maana kuna watu wazima wengi, kuanzia Asia hadi Amerika Kusini, wanaolijua gemu hili kwa vidole wasiweze kulitaja.

Tuliangalia video yake kwenye YouTube. Dakika moja nzima mume wangu hakusema neno. Halafu akasema, "Ni dogo sana." Hilo nalo jiandae nalo. Gemu ulilolibeba miaka yote hiyo litakuwa fupi, la rangi chache na gumu kidogo tu. Usimcheke mwenzio wakati huo.

NUSU NYINGINE IKO KWA MTU MWINGINE

Mwaka 1985 Daniel Wegner na wenzake waliandika kuhusu jinsi watu wa karibu wanavyogawana kumbukumbu. Kwenye ndoa, mmoja anabeba tarehe za ada na chanjo, mwingine anabeba jina la fundi na njia ya kwenda kwa shangazi. Hakuna anayebeba yote, kwa sababu anajua mwenzake anayo. Ndiyo maana mtu akiachana au akifiwa husema anajiona kama amesahau nusu ya maisha yake. Kumbukumbu zile kweli zimeondoka na mwenye nazo.

Lakini kabla yako wewe, mwenzi wako aligawana kumbukumbu na watu wengine: ndugu, binamu, watoto wa jirani. Gemu halikuchezwa na mtu mmoja. Alikuwepo aliyeshika pedi na aliyesimama nyuma akipiga kelele. Kila mmoja aliondoka na kipande chake. Ukigombana na mtu huyo, ukaacha kuongea naye, umejifungia kipande ambacho huwezi kukipata kwa kutafuta kwenye simu.

Mume wangu alimtumia kaka yake video ile asubuhi, na maneno machache tu: "Shikamoo kaka. Unalikumbuka hili?"

Jibu halikuja siku ile. Halikuja kesho yake. Siku ya tatu, tukiwa mezani, simu ikalia kwa ujumbe: "Marahaba. Mbona umeishia kwa simba? Mbele kuna kamba na nyani. Yule wa bluu ndiye mwenye mbio. Wewe ulikuwa hufiki huko."

Kweli kabisa. Hatua ya pili ya Circus Charlie ni kutembea juu ya kamba, nyani wanakujia, na wa bluu ndiye mwenye kasi. Mume wangu alikuwa hana kumbukumbu hata chembe ya hatua hiyo, kwa sababu kila mara alikufa kwenye moto na kumpisha kaka yake. Alikuwa na simba. Nyani walikuwa kwa kaka.

Waliongea kwa simu jioni ile kwa dakika arobaini. Walizungumza kuhusu mwenye duka, jenereta lililozimika siku ya mashindano na mayai yaliyovunjika. Shamba lilitajwa mwishoni, kwa dakika tano, na hakuna aliyekata simu. Bado halijagawanywa. Lakini sasa linazungumzwa na ndugu wawili, badala ya wazee wa ukoo peke yao.

KABLA HAMJAANZA

Ukiona mwenzi wako anakesha, uliza kwanza, tena kwa upole. Kama ni nyumba ndogo utajua tu, haijifichi milele. Kama ni gemu, mambo haya yatawasaidia:

Andikeni kwenye karatasi safu mbili. Upande mmoja wekeni alichokiona, alichokisikia na alichokibonya. Upande wa pili wekeni alichodhani kinatokea. Tafuteni kwa kutumia upande wa kwanza tu.

Msitafute kwa saa nyingi mfululizo. Jina lililokwama mara nyingi hujitokeza lenyewe unapooga au unapopika. Wekeni daftari karibu.

Kila mkipata gemu linalofanana, tazameni kidogo tu, kisha ulizane: ni lenyewe au ni ndugu yake? Ukitazama mengi sana kwa mkupuo, picha zao zitaingia kichwani na kujifanya za zamani.

Mkumbukeni aliyekuwa amesimama nyuma yako ukicheza. Mpigieni. Msianze na madeni, mashamba wala michango ya harusi. Anzeni na gemu.

Na wewe unayesaidia, sikiliza bila haraka. Utamjua mwenzi wako kwa namna ambayo miaka mitano ya kula meza moja haikukupa: alikuwa mtoto wa namna gani, alikuwa anaogopa nini, nani alimsubiri zamu iishe. Mimi nilikuwa najua nimeolewa na mhasibu. Sikujua nimeolewa na mtoto aliyeona simba-mtu kwenye TV na bado kesho yake akarudi na shilingi hamsini mkononi.

Kazi kwako!